Chesi za kompyuta na maneno ya kwenye boksi

Mhariri,

Hawa wauzaji wa chesi za kompyuta hapa Kampala watuhurumie jamani. Kuna duka katikati ya mji boksi limeandikwa kwa herufi kubwa eti mashine hii inafunga magrandmasta, yaani wachezaji wa daraja la juu kabisa, mzazi akisoma hivyo anatoa hela ya karo. Lakini hawasemi mechi ilichezwa kwa dakika ngapi, na ujanja wote uko hapo, maana kwenye mechi fupi mtu hana muda wa kufikiri. Mwaka 1994 kule Munich programu ya chesi ya Fritz ilimfunga bingwa wa dunia Kasparov kwenye mechi za dakika 5, sawa, ila walipolingana pointi wakacheza za kuamua na Kasparov akaipiga vizuri tu. Deep Blue, kompyuta ya IBM, nayo mwaka 1996 ilifungwa na Kasparov 4-2, ikamshinda 1997, na ile ilikuwa mtambo wa zaidi ya tani moja unaopima mipangilio ya ubao milioni 200 kwa sekunde, si kaboksi ka betri nne!

Siku hizi programu ya chesi ya Stockfish ni ya bure na kwenye simu tu inamshinda grandmasta yeyote. Watoto wa Katwe, mtaa wa maskini hapa Kampala, walijifunza chesi kwa ubao na kocha. Wenye maduka waandike mashine ilicheza na nani, lini, kwa muda gani, au wafute hayo maneno.

Mpenzi wa chesi, Kampala