Barua ya wazi: Mheshimiwa, tuambieni kama hii dawa ni steroidi

Kwa Mheshimiwa unayesimamia mambo ya afya huku kwetu,

Assalaam aleikum. Jina lako silitaji na cheo chako sikitaji, ukisoma utajijua mwenyewe, manake tulikuwa sote barazani mwaka jana, wewe kiti cha mbele na mimi mkekani, na yule mama wa mahamri alonyanyua mkono akakuonyesha tyubu ilokunjwa ndo mimi.

Naandika haya saa nane usiku nimekaa benchi la nje ya wodi. Ndani amelazwa mamangu mdogo, ndo alonilea tangu mamangu alipofariki. Jumapili alianza kutapika, tukasema labda samaki alikuwa amelala. Jumatatu hakuweza kusimama, jasho la baridi linamtoka, akiniita ananiita jina la mamangu. Nikamgongea jirani wa tuktuk tukamtia hivyo hivyo na leso zake. Daktari alotupokea akampima presha iko chini kabisa, akaniuliza, huyu mama anameza dawa gani? Nikasema sasa hivi hamezi kitu, alikuwa akimeza prednisoloni za baridi yabisi, ashaziacha wiki ilopita. Akaniangalia. Nani alimwambia aache?

Mimi, mheshimiwa. Mimi ndo nilimwambia aache.

Sasa hebu nikueleze ilivyofika hapo, na usome mpaka mwisho tafadhali, manake barazani ulinikatiza.

Ilianzia kwenye hii mikono yangu. Mtu wa mahamri na mbaazi tangu alfajiri mikono iko kwenye unga, kwenye mafuta, kwenye maji ya sabuni, na hili joto letu la Mombasa halikupi nafasi. Vidole vikaanza kupasuka, vinawasha, vinatoa maji, usiku najikuna mpaka damu. Ukurutu. Nikaenda kemisti ya mtaani, kijana wa pale hata mkono hakuushika auangalie, akanipa tyubu ndogo ya shilingi 150. Nikapaka, na wallahi siku ya tatu mikono ilikuwa laini kama ya bi harusi. Hiyo siikatai, dawa ilifanya kazi. Box lilikuwa na karatasi ndani imeandikwa Kizungu kwa herufi za sisimizi, nikaitupa pamoja na box.

Mtu ukishapata dawa kama hiyo unaifanya ya nyumba nzima. Mbu akiuma, tyubu. Mtoto akitoka harara, tyubu. Ikiisha nakwenda na ile tupu ilokunjwa kama mkeka nainyoosha pale kaunta napewa nyengine, karibu miaka miwili, na hakuna siku hata moja nilioulizwa unapaka nani, unapaka wapi, umepaka muda gani.

Mwanangu wa darasa la 3 akatoka choa shavuni, yale ya duara wanayoita mashilingi, nadhani alikipata kwa kinyozi manake mashine ni moja kichwa hadi kichwa. Nikampaka. Siku mbili kuwashwa kumeisha. Nikiacha kinarudi, nikipaka kinatulia, nikiacha kinarudi kikubwa zaidi, miezi minne tuko hapo. Ule mduara ukapotea likabaki baka limetambaa kutoka shavuni mpaka shingoni, ukiliangalia huwezi kujua ni choa. Halafu siku moja namwosha uso mlangoni jua linampiga ubavuni, nikaona vimishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi za zafarani vimetokeza, na ngozi yenyewe inang'aa kama lile ganda la ndani la kitunguu. Nilimshika kidevu nikamgeuza huku na huku, naye anacheka anadhani namchezea.

Daktari wa ngozi nilimpata baada ya kuchanga nauli na pesa ya kumuona. Alimkwangua mtoto unga kidogo wa ngozi kwa kiwembe, akaweka kwenye kioo akaangalia na hadubini, akaniambia ni fangasi, na wengi. Akanieleza ile tyubu yangu ni klobetasoli, steroidi ya ngozi, na katika steroidi za kupaka hiyo ni ya daraja la juu kabisa kwa ukali. Steroidi haiui fangasi. Inachofanya ni kuinyamazisha kinga ya mwili pale inapopakwa, ule wekundu unaondoka, kuwashwa kunaondoka, mtu anadhani amepona kumbe fangasi yuko ndani anakula bila wa kumfukuza. Na uso ni ngozi nyembamba inainywa dawa sana, kwa hivyo kabla hata choa hakijapona ngozi ishaanza kuliwa.

Mheshimiwa, neno steroidi nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Miaka miwili nanunua.

Na yule daktari hakuniambia niitupe, hili ndo nililichelewa kulielewa. Alichukua mkono wangu, akaikamua krimu juu ya kidole cha shahada kuanzia ncha mpaka ile mikunjo ya kwanza ya kiungo, akasema hii ndo kipimo, kama nusu gramu, inatosha sehemu ya ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mimi nilikuwa napaka kama samli. Akasema ukurutu wa mikono hii dawa inafaa, mara moja au mbili kwa siku, isizidi wiki mbili mfululizo bila kurudi kwa daktari, na nivae glavu nikiosha masufuria na nijipake mafuta mazito siku zote. Usoni hapana. Karibu na macho ndo hapana kabisa, inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kwa mtoto mdogo usiipake ndani ya nepi manake nepi inaifunika dawa kama bandeji inaingia mwilini zaidi, na ikiingia nyingi inaweza hata kumdumaza. Mtoto akihitaji steroidi ipo ya upole, haidrokotisoni ya asilimia 1, na hiyo pia kwa kuelekezwa.

Maneno hayo yalimchukua dakika ngapi? Hata tano hazikufika. Kijana wa kaunta angeweza kuyasema huku anatafuta chenji.

Ndo nikaja barazani. Unakumbuka uliahidi nini? Uliahidi mbele ya watu kwamba ndani ya mwezi mmoja maduka yote ya dawa ya mtaa wetu yatatembelewa, na kutabandikwa matangazo ya Kiswahili kuhusu hizi krimu, na ukachukua karatasi yangu ya malalamiko ukaikunja ukaitia mfukoni. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Huu ni mwezi wa kumi. Hakuna duka lilotembelewa mtaani kwetu, hakuna tangazo ukutani, na tyubu bado ni 150.

Basi nikasema kama wakubwa hawasemi ntasema mimi. Nikawa natangaza pale mezani kwangu, kila anokuja kununua mahamri namwambia steroidi ni sumu, ukiona steroidi tupa, nikimwonyesha na shavu la mwanangu. Mamangu mdogo ananisikia kila siku. Siku moja akaniletea pakiti ya vidonge vyake niisome, nikatafuta kwenye simu, nikaona prednisoloni ni steroidi. Nikamwambia mama, hizi ni zile zile zilomchoma mtoto. Akazimimina kwenye pipa mbele yangu, hakuuliza, ananiamini.

Zile dawa aliandikiwa kliniki na zilikuwa zinamsaidia. Kabla yake alikuwa hawezi kufunga kifungo, kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili kama mtoto.

Usiku huu daktari amenieleza kile ambacho nilipaswa kuambiwa mapema, kwamba juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, ndo inayoshikilia presha na nguvu mwili ukiwa na shida. Mtu akimeza prednisoloni siku nyingi, hata zaidi ya wiki tatu tu, zile tezi zinaona kazi inafanywa na mwengine, zinalala. Ukikata vidonge ghafla mwili unabaki hauna cha nje wala cha ndani, na mtu anaweza kufa hivi hivi. Ndo maana zinapunguzwa kidogo kidogo, wiki hata miezi, daktari akiangalia. Halafu wakamtundikia maji na kumdunga sindano ya mshipa, na baada ya saa kadhaa akafungua macho akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyumba. Nikamuuliza daktari ni dawa gani hiyo. Akasema haidrokotisoni. Steroidi.

Nilitoka nje nikalia.

Daktari akanifuata akanambia, mama usijilaumu sana, unajua mgonjwa wa kwanza kabisa kupewa kotisoni alikuwa mwanamke wa baridi yabisi kama huyu wako, huko Marekani mwaka wa 1948, alikuwa hawezi kugeuka kitandani na baada ya siku chache akatembea, na walogundua wakapewa tuzo ya Nobel 1950. Alitaka kunituliza lakini mimi ndo nikazidi kuumia, manake kama dawa ni kubwa hivyo mbona inauzwa kwetu kama pipi?

Na si kwangu tu. Zamani bi harusi wetu alikuwa akisingwa kwa singo, akipakwa liwa na mawaridi, anatoka ananukia ngozi ni yake. Sasa anaambiwa kuna krimu ya siku saba, inauzwa kwa kikebe hakina jina wala tarehe, anojua kilichomo ni alochanganya. Binti wa jirani yangu alitumia miezi mitatu kabla ya harusi, alivyoacha uso ukawaka mwekundu anasema ni kama amepakwa pilipili, hata maji ya kutawadha yanamuunguza, akirudia kupaka unatulia, akiacha unawaka. Daktari alimwambia ndani mna steroidi kali. Wengine wanapimiwa kwenye kijikaratasi vidonge vya kunenepa, navyo ni steroidi, uso unavimba duara wanasifiwa wamependeza, sukari inapanda hawajui inatoka wapi.

Kwa nini hamji kukagua sijui. Mimi nadhani krimu zina faida kubwa na kuna watu wanakula hapo katikati, au labda mafuta ya gari hayapo, au tyubu ya 150 inaonekana ni jambo la wanawake na urembo. Hilo ni la kichwani mwangu. Ninalolijua ni kuwa Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu anachonunua, na Ratiba ya Nne imeandika afya na maduka ya dawa viwe huku chini kwa kaunti. Mwanangu mkubwa alinisomea. Kwa hivyo usinitume Nairobi.

Na sikuambii ufunge maduka. Ukiyafunga tutakwenda wapi saa nne usiku mtoto akiwa na homa? Sikuambii upige marufuku steroidi pia, nimeshaona usiku huu kinachotokea zikikosekana. Nilitaka mengi barazani, nilitaka ukaguzi na matangazo na faini na vikebe vichomwe. Leo nataka kimoja. Kila steroidi inapotoka dukani, ya kupaka au ya kumeza, itoke na kijikaratasi cha Kiswahili ukubwa wa risiti: hii ni steroidi, paka hapa usipake pale, siku kadhaa basi, na kama ni ya kumeza usiikate ghafla. Na anouza aitamke kwa mdomo, manake wengine wetu hatusomi vizuri. Ni hicho tu. Dawa kali isiyotakiwa kuuzwa bila kuandikiwa nayo isiuzwe bila kuandikiwa, lakini hata hilo likikushinda, hicho kijikaratasi mheshimiwa, kijikaratasi.

Ile karatasi uloitia mfukoni ukanipa ahadi, kopi yake ninayo. Shavu la mwanangu choa kimepona kwa dawa ya fangasi, mishipa bado inaonekana.

Mamangu mdogo akitoka atarudi kwenye vidonge vyake, asubuhi baada ya kula, na siku ya kupunguza watampunguzia kliniki wenyewe, si mimi. Kuvinunua nitakwenda mwenyewe, kemisti ile ile. Nitasimama kaunta sitasema kitu, nione kama kuna atakayenambia neno lolote kabla ya kunipa chenji.

Wako,
Mama wa mahamri, yule wa mkekani
Mombasa