Teno, nisaidie kurekodi ilimba ya babu

Mbukwa Teno!

Za siku ndugu yangu. Najua nimekukalia kimya toka Pasaka, na ile voisi noti ya harusi ya Mama Besi nimeisikiliza leo, nisamehe sana, umfikishie hongera zangu. Mi mzima, baridi ya huku Ujerumani ndo inatumaliza. Ila nimeandika kwa sababu nina shida ya ilimba ya babu yako, ile marimba yetu ya mkononi yenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, na naona ni wewe tu wa kunisaidia.

Si unajua niko mwaka wa mwisho wa masta ya utunzi wa muziki. Kazi ya kumalizia ni kwateti ya nyuzi, vayolini mbili na viola na selo, dakika 15 hivi, na nimeamua iwe ya Kigogo kabisa, na hapo simaanishi kuchukua midundo ya kwetu nikaibandika juu ya nota za kinanda, nataka zile sauti zenyewe. Sasa kuna nota moja inaninyima usingizi. Unaikumbuka ile ta yetu, ile ti iliyoshushwa ya do re mi? Mwalimu wa kwaya alivyokuwa anatugombeza kila Alhamisi, nyie ta yenu inashuka, fuateni kinanda, tukitoka nje tukianza nyimbo za nyumbani inarudi chini yenyewe. Teno, kumbe tulikuwa sawa! Uzi mmoja ukilia ndani yake kuna sauti nyingine ndogondogo, ya kwanza, ya pili, ya tatu zinapanda hivyo, na ya 4 mpaka ya 9 ndo do mi so ta do re ya Wagogo. Ta ni ile ya 7. Iko chini ya ta ya kinanda kwa senti 31, na nusu toni nzima, yani toka kitufe kimoja cha kinanda mpaka cha jirani yake, ni senti 100, yani karibu theluthi ya nusu toni, halafu unaambiwa umepotea.

Wiki iliyopita tukapewa dakika 20 na wapigaji. Nimeandika flati, ile alama ya kushusha nota, yenye mshale wa kushuka, juu yake nimeweka 31. Wamefika pale wakasimama, mwalimu wangu wa chuo akasema hapa pana kosa, andika ya kawaida. Iliniuma sana, maana mwalimu huyohuyo alishatufundisha Partiels ya Gérard Grisey, Mfaransa, kazi ya 1975, imejengwa kwenye sauti zilizomo ndani ya nota moja ya tromboni, darasa zima likawa linashangaa. Nikamkumbuka babu yako pale chini ya mbuyu.

Wengine wakaondoka, dada wa selo akabaki. Nikamwomba aguse uzi mnene wa do kwa ncha ya kidole, asiukandamize, kama sentimita 10 kutoka kule juu unakoanzia, ndo sehemu ya 7 ya urefu wake. Akavuta upinde taratibu. Teno, ilitoka ile ta, nyembamba kama filimbi, machozi yakanilengalenga. Akarudia kama mara tano bila kuongea. Viola nayo ina uzi wa do kwa hiyo itaweza, vayolini ndo hazina, itabidi watafute kwa sikio.

Sasa shida yangu. Hizo senti 31 ni hesabu tu, mi nataka ta ya babu, kama ni 31 au 25 au 40 niandike ya kwake. Rekodi za mzee Hukwe Zawose, yule gwiji wa ilimba, ninazo, ila ile ni mikono yake mwenyewe. Ukienda kijijini mwombe babu apige ilimba chuma kimoja kimoja, akiache kilie mpaka kiishe. Utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la ilimba asiutoe, nautaka ule mkwaruzo. Na kikubwa, anza kurekodi wakati bado anasogeza vyuma kutafuta sauti, maana kile anachokisikiliza pale ndo ninachokitafuta. Usitume kama voisi noti inabana sauti, tuma faili kwa imeili. Na mweleze vizuri inaenda wapi, akikataa basi. Akikubali nataka jina lake liwe ukurasa wa kwanza, pesa ya sukari nitatuma.

Nimeshaambiwa kwateti haibebi vitu hivi, wakati mtunzi Mganda Justinian Tamusuza alishaandika ya Kiganda na kundi la Marekani Kronos Quartet wakaiweka kwenye albamu ya 1992.

Unaenda lini kijijini? Babu miguu yake ikoje, bado anapiga jioni? Ile ilimba kubwa ipo au walimpa yule mjukuu wa Kongwa? Simu yako inarekodi vizuri? Na kwaya sasa hivi nani anashika ta, bado inashuka? Nikikupigia Jumapili baada ya ibada nitakupata?

Alto wenu