Kwa mpwa wangu uliye Boston: nenda Lowell

Mpwa wangu,

Salaam kutoka Tabora. Mama yako ameniambia unasoma historia, ila unalalamika kwamba huko uliko hakuna linalotuhusu. Lipo. Panda treni uende Lowell, kama kilomita 40 tu.

Mji ule ulizaliwa na pamba. Kuanzia miaka ya 1820, matajiri wa Boston walichimba mifereji kando ya maporomoko ya mto Merrimack. Maji yakazungusha magurudumu, magurudumu yakaendesha mitambo ya kufuma. Wafumaji wengi walikuwa mabinti wa wakulima. Walilala katika nyumba za matofali za kampuni, wawili kitanda kimoja, chini ya mama msimamizi, mara nyingi mjane, na saa nne usiku mlango unafungwa. Kiwandani madirisha hayafunguliwi hata joto likizidi, maana hewa ikikauka uzi unakatika. Basi binti anavuta vumbi la pamba saa 12 na zaidi kwa siku. Mwaka 1836 gharama ya malazi ilipopandishwa, waligoma. Nawaheshimu sana kwa hilo. Na pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, usiliruke hilo.

Sasa njoo kwetu. Merikani, ile nguo ya pamba ya Marekani, iliyoshushwa Unguja na meli za bandari ya Salem ilitoka katika viwanda vya jimbo hilo uliko la Massachusetts, vya Lowell vikiwemo. Kutoka Bagamoyo ilipanda mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, kilo 30 na ushei kila mtu, hadi Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora. Nyingine ikasonga mpaka Ujiji. Hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi, ililipwa kwa merikani, chakula cha njiani kikanunuliwa kwa merikani, ikipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka mikono minne, doti mikono minane. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoadimisha pamba, nguo za Uingereza na Bombay zikashika soko.

Hapa Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, alilokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Jina lake kila mgeni analijua. Waliobeba vitambaa na waliovifuma, nani anawataja?

Nyumba moja ya mabinti wale, ya kampuni ya Boott Mills ya Lowell, sasa ni makumbusho. Ingia, uangalie vizuri vyumba vyao. Kisha nenda maktaba ya Baker pale Harvard, kwenye daftari za kampuni hizo. Ukikuta ukurasa unaotaja Unguja, omba ruhusa upige picha, unitumie. Nataka tuupeleke Kwihara.

Mjomba wako