Hongera kwa ofisi mpya

Tudor, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotumaliza. Hongera kwa kukabidhiwa maslahi ya wanafunzi. Umeniuliza mimi mpangisha vyumba chuo kiwafanyie nini hawa watoto ili watoke watu, wasitoke na vyeti tu. Basi nakupa niyaonayo uani kwangu.

Wiki ya kwanza hufanyiwa makubwa: hotuba, fulana, kuzungushwa maktaba. Ikipita, hakuna awaulizaye hali. Na shida huanza hapo, pesa za kujikimu za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, zikishaingia. Mtoto kwao akitumwa dukani chenji huhesabiwa, leo ana maelfu peke yake. Atabadilisha simu, atawalisha wenzake viazi karai, wengine wanabeti. Katikati ya muhula huyo mlangoni na sufuria, eti gesi imekwisha. Gesi ipo, kilichokwisha ni unga. Ningekuwa wewe, mambo ya bajeti ningeyafundisha wiki pesa zinapoingia, na mwalimu awe mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyewahi kulala njaa. Huyo watamsikiza.

Kuna msichana aliyepanga kwangu, akafiwa na baba karibu na mitihani. Alikwenda kwa mshauri wa chuo chao mara moja, hakurudi tena. Mlango wa ile ofisi unatazamana na foleni ya karo! Ukitoka unafuta machozi, darasa zima linakuona. Halafu wakubwa wanasema vijana hawapendi kusaidiwa. Mimi sikubali. Kabla hujaomba pesa za mabango, tafuta chumba kilichojitenga.

Vilabu vya mdahalo, michezo, kusafisha ufuo, vyote vizuri, na wenyewe wataviendesha wakipewa ukumbi na nauli. Kinachokosekana ni mtu mzima anayewajua kwa majina. Unakumbuka marehemu baba alisoma hapa jirani TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilipokuwa bado Politekniki, miaka mingi kabla ya kuwa chuo kikuu 2013. Hadi uzeeni alikuwa akimtaja mwalimu wake wa karakana, aliyekuwa akimrudisha kusafisha patasi hata kama basi limeshamwacha. Wahadhiri wako watalalamika kwamba madarasa yamefurika, na ni kweli. Lakini kila mmoja akipewa wanafunzi wachache wa kunywa nao chai mara moja moja, atajua nani ameacha kuhudhuria kabla matokeo hayajamwambia.

Niandikie wakikukatalia, nami nijue wamesema nini. Na ukipata mzazi anayemtafutia mwanawe chumba Tudor, mpe namba yangu, bado ninavyo. Ila mwambie mapema: wageni mwisho saa tatu usiku.

Wako,
Shogayo wa Tudor