Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Bibi Harusi, Free Area, Nakuru

Sisi wazazi na ndugu wa bibi harusi aliyefunga ndoa Jumamosi iliyopita hapa Nakuru tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa siku njema aliyotujalia, na tunawashukuru ninyi nyote mliochanga, mliopika, mliosafirisha wageni, mlioimba, na hata mlioshindwa kufika mkatuma salamu na zawadi. Wakwe zetu kutoka Vihiga walisafiri usiku kucha na wakafika mapema kuliko baadhi yetu tunaoishi hapa hapa. Mungu awabariki. Kumtaja kila mmoja kwa jina hatutaweza, na tunaomba asiyetajwa asione kwamba amesahaulika.

Lakini liko jambo ambalo wageni wengi walituuliza, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho, nasi tunaona ni heri tulijibu hadharani. Mshereheshaji alipowaita mbele wajomba na mashangazi wa bibi harusi, walisimama mwenye duka, mama mboga, mwendesha boda boda na mwalimu mstaafu, watu wa makabila manne, ambao hakuna hata mmoja wao aliye na undugu wa kuzaliwa nasi. Wapo waliodhani orodha imechanganywa. Orodha ilikuwa sahihi. Binti yetu, sawa na wadogo zake 10, aliingia nyumbani kwetu kwa njia ya kuasiliwa, na watu hao wanne waliupata ujomba na ushangazi wao wakati wa korona, mbele ya macho yetu.

Shule zilipofungwa Machi 2020, na vyuo vikuu baada ya siku chache, watoto wote 11 walikuwa nyumbani kwa pamoja kwa mara ya kwanza, bibi harusi wetu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Baba alikuwa dereva wa matatu ya Nakuru hadi Nairobi. Kwanza gari la abiria 14 liliamriwa kubeba 8, kisha tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, na njia yake ya riziki ikawa imekatika. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na katika mwaka ambao shule zimefungwa hakuna mzazi anayenunua sare. Alizigeuza zile pande za kitambaa kuwa barakoa, na ndiyo maana mtaa wetu ulionekana umevaa rangi za shule tatu tofauti usoni.

Ugali wa jioni peke yake ulimaliza gorogoro nzima ya unga. Mwenye duka alifungua daftari lake, akatuandikia ukurasa wetu wenyewe, na ukurasa ulipojaa akafungua mwingine bila kutaja ule wa kwanza. Mama mboga alikuwa akifunga kibanda mapema kwa sababu ya kafyu ya saa moja usiku, na sukuma wiki zilizobaki hakuzirudisha kwake hadi awe amepitia langoni mwetu. Alikuwa akiziacha juu ya ukuta, akigonga bati mara moja, kisha anaondoka kabla hatujatoka kumshukuru. Ilitubidi siku moja tumvizie.

Tunawashukuru pia wale mliotutumia pesa kidogo kidogo kwa simu. Mwaka ule kutuma hadi shilingi 1,000 hakukutozwa ada, nanyi mliitumia nafasi hiyo vizuri: shilingi 200 leo kutoka Kisumu, shilingi 300 kesho kutoka Kakamega, mara nyingi bila maelezo yoyote. Majina yenu tuliyanakili.

Kuhusu masomo, simu ilikuwa moja na redio moja. Mwalimu mstaafu alitoa baraza ya nyumba yake, akawaketisha watoto mbali mbali, wakubwa asubuhi na wadogo mchana, huku bibi harusi wetu akimsaidia kusahihisha madaftari. Mtoto wetu wa darasa la 8 aliporudi shuleni Oktoba, alikuwa tayari amemaliza mitaala ya hesabu, na mtihani wa KCPE ulipofanyika Machi 2021 hatukuwa na wasiwasi naye. Siku mbili baada ya mtihani huo Nakuru ikawekwa katika kaunti tano zilizofungwa. Safari hii Nairobi ilikuwa ndani ya mipaka pamoja nasi, ila Kericho, jirani yetu, tukawa hatuwezi kwenda. Jamaa zetu wa magharibi hawangeweza kutufikia hata kama wangetaka, na waliokuwepo walikuwa hao hao wa mtaani.

Ni kwenye baraza hiyo hiyo ya mwalimu ndipo kesi ya kuwaasili pacha wetu wadogo ilikosikizwa. Mahakama zilikuwa zimepunguza vikao vya ana kwa ana, nasi tukaitwa kwa njia ya video. Simu iliegemezwa kwenye kopo la mafuta, watoto wakavalishwa sare za shule kwa sababu ndizo nguo nadhifu walizokuwa nazo, na mmoja wa pacha akampungia jaji mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa afisa wa watoto na wote walioisimamia kesi ile hadi amri ikatolewa, tunasema asanteni sana.

Mwendesha boda boda yeye alimbeba mwanetu mwenye pumu hospitalini saa za kafyu, akasimamishwa kizuizini, akajieleza, akaruhusiwa kupita. Alikataa nauli. Mpaka leo anaikataa.

Tuliwahi kuambiwa, tena na watu wa karibu, kwamba mtoto wa kuasiliwa hana mjomba wa kukaa kwenye mazungumzo ya mahari. Kwa hiyo tunawashukuru kwa namna ya pekee wazee wa Vihiga, ambao walipouliza mjomba wa binti ni nani na kuonyeshwa mwenye duka, walimpa kiti chake na heshima yake yote, wakamletea na blanketi kama desturi yao ilivyo, bila kuhoji ukoo. Mjomba naye alidai haki zake kwa ukali ambao hatukuutarajia.

Mwisho, sufuria mbili kubwa na kifuniko chenye alama ya rangi nyekundu vimebaki kwetu baada ya sherehe, pamoja na viti sita vya plastiki. Wenyewe tunawaomba waje kuvichukua siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Chai itakuwepo.

Ni sisi,
Baba, Mama na watoto, Free Area, Nakuru