Mheshimiwa Waziri wa Mifugo, tufungulie mlango wa kuvu inayonasa minyoo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kama mfugaji wa mbuzi na kondoo, na ombi langu ni moja. Ipo kuvu ya udongo inayonasa na kula minyoo ya mifugo kabla haijaingia tumboni mwa mnyama. Naomba wizara yako iweke njia ya kuijaribu na kuisajili, maana kwa sasa njia hiyo haipo.

Msimu wa mvua uliopita nilimpoteza mbuzi jike aliyekuwa akinyonyesha mapacha. Nilimkuta asubuhi amelala, chini ya taya pamevimba mfuko laini uliojaa maji. Nilipomfunua jicho, utando wa ndani ya kope ulikuwa mweupe kama chaki. Siku 12 kabla ya hapo nilikuwa nimemnywesha dawa ya minyoo, tena kwa kipimo sahihi, maana nilimpima uzito kwanza. Daktari wa mifugo alipompasua, tumbo la nne lilikuwa limejaa minyoo wembamba, kila mmoja amesokotwa mstari mwekundu na mweupe: wekundu ni damu waliyoinyonya, weupe ni mirija ya mayai. Walikuwa wakijinyonganyonga, wazima kabisa. Dawa ile haikuwagusa.

Mnyoo huyo ni Haemonchus contortus, na wewe na wataalamu wako mnamfahamu. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Mbuzi mwenye majike 500 tumboni humwaga malishoni mayai milioni mbili na nusu kila siku. Kukiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi mayai hayo huwa lava, yaani minyoo wachanga, walio tayari kuambukiza, nao hupanda majani kwa kufuata umande na kungoja kuliwa. Dawa tunazonunua zinapigana na minyoo walio ndani ya mnyama, huku malisho yakibaki yamejaa. Mnyama aliyetibiwa leo anaambukizwa tena kesho. Tunachota maji kwa pakacha, Mheshimiwa.

Na pakacha lenyewe linazidi kutoboka. Dawa ya minyoo iitwayo thiabendazoli iliingia sokoni mwaka 1961, na kufikia mwaka 1964 tayari minyoo wa kondoo walio sugu kwa dawa hiyo walikuwa wameripotiwa. Dawa nyingine, levamisoli na ivermektini, zilifuata, na usugu ukazifuata nazo. Sisi wafugaji tunachangia: tunanywesha kundi zima kwa kalenda, tunakisia uzito, tunapunguza dozi ili chupa itoshe. Nalikubali kosa hilo, nami nililifanya kwa miaka. Lakini hata anayefuata maelekezo yote sasa anazika wanyama.

Mwaka huu mtafiti mmoja alinikaribisha nitazame kwenye hadubini yake. Niliona nyuzi nyembamba zilizojikunja na kuunganishwa kama matundu ya jarife. Lava mmoja alikuwa amegusa tundu moja kwa ubavu, akanasa. Alijipinda, akajinyoosha, akapiga mkia, na kila alipojitupa alizidi kunasa pengine. Kwenye kioo kingine, cha siku iliyotangulia, palikuwa na lava kama yule, ila ndani ya ngozi yake zilikuwa zimejaa nyuzi za kuvu tu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kuvu hiyo inaitwa Duddingtonia flagrans. Ndugu yake, Arthrobotrys oligospora, alionekana akinasa minyoo hai tangu mwaka 1888, kwa hiyo elimu hii si ngeni. Kilichoifanya Duddingtonia ifae kwa mifugo, na watafiti wa Denmark na Australia waliifanyia kazi kubwa miaka ya 1990, ni spora zake, yaani mbegu zake ndogo sana, zenye ganda nene. Mnyama hulishwa spora hizo pamoja na chakula. Hupita tumboni bila kumeng'enywa na bila kumdhuru, kisha hutoka na kinyesi na kuota humo humo, mahali ambapo mayai ya minyoo nayo yanaanguliwa. Mtego unategwa mlangoni pa adui.

Sitaki nikuuzie muujiza. Kuvu hii haiui mnyoo aliyekwisha kukaa tumboni, kwa hiyo mbuzi mwenye kope nyeupe bado anahitaji dawa inayofanya kazi. Lazima iliwe kila siku katika kipindi chote cha hatari, na hilo ni gumu kwa mifugo inayoshinda malishoni bila chakula cha ziada. Joto kali la viwanda vya chakula cha mifugo huharibu spora. Haya ndiyo mambo ya kujaribiwa katika mazizi yetu wenyewe, kwa ratiba za ulishaji tunazozimudu. Kuhusu hofu kwamba itamaliza viumbe wema wa udongoni, uchunguzi uliofanywa malishoni haukuona madhara kwa minyoo wasio vimelea waishio udongoni, na kuvu yenyewe haisambai mbali na kinyesi ilimoota.

Kinachotukwamisha ni makaratasi. Nilipouliza katika ofisi moja jinsi kitu hiki kinavyosajiliwa, niliambiwa si dawa, kwa kuwa haitibu mnyama. Si chakula, kwa kuwa haimlishi. Na si kiuatilifu, kwa kuwa hupewa mnyama kwa mdomo. Nikarudi nyumbani. Wenzetu walilipatia jibu swali hilo hilo: Marekani iliisajili mwaka 2018 kupitia mamlaka inayosimamia viuatilifu, na Ulaya iliitathmini mwaka 2020 kama kiongezwa cha chakula cha mifugo. Kundi lolote utakalolichagua litatufaa, mradi liwepo.

Naomba pia watafiti wetu wapewe kazi ya kuitafuta kuvu hii katika udongo na kinyesi cha mifugo yetu. Imekwisha kupatikana katika nchi nyingi za mabara tofauti, na iliyozoea hali ya hewa yetu itakuwa rahisi kuikubali kuliko ya kuagizwa. Na kila maabara ya mifugo iwezeshwe kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, kabla ya dawa na siku 14 baada yake. Bila hesabu hiyo hatutajua dawa ipi imekufa, wala hatutajua kama kuvu inasaidia.

Zizi langu lina mbuzi 43 na kondoo 18. Nipo tayari nusu yao waingie kwenye jaribio la kwanza, na nusu wabaki kama walivyo kwa kulinganisha. Mizani ninayo, daftari la uzito ninalo, na wale mapacha wawili bado wako hai.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa mbuzi na kondoo