Mizani Nimeiondoa Chini ya Mwarobaini: Barua kwa Wenzangu wa Jumamosi

Wanangu, wadogo zangu, na wewe kaka unayekalia kigoda cha mwisho kila mara: mbukwenyi.

Jumamosi iliyopita mlifika hapa kwangu Ipagala mkakuta mizani haipo, na niliwasikia wengine mkisema labda imeharibika. Nzima kabisa. Nimeiondoa mimi, na ni haki yenu kuelezwa sababu. Naandika barua hii wazi ili isomwe pia na wale walioacha kuja, maana hasa nasema na wao.

Huu ni mwaka wa saba tangu nipunguzwe tumbo kwa upasuaji ili nipungue uzito. Daktari alinieleza vizuri kwamba wataondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula na kuniachia kitu chembamba kama ndizi. Hilo nililielewa. Hakuna aliyenieleza habari ya kurudi mtaani. Mwezi wa nne mashavu yalikuwa yameingia ndani na kila asubuhi chanuo lilijaa nywele. Siku moja soko la Majengo, mama ninayenunua kwake mlenda miaka yote akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeanza kutumia zile dawa. Alikuwa na huruma ya kweli. Nilipanda daladala nikalia mpaka nikapitiliza kituo. Laiti ningekuwa na mtu mmoja wa kuniambia kwamba nywele hudondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota tena! Kwa ajili ya mtu huyo mmoja niliyemkosa, nilianza kuwaita nyie hapa.

Lakini nikakosea. Nikaleta mizani. Kila aliyekuja alipanda, namba ikasomwa kwa sauti, tukapiga vigelegele. Aliyepungua kilo 6 alikwenda kwake anaelea. Aliyeongezeka kilo moja alishuka, akavaa kandambili zake kimya, na baada ya Jumamosi mbili tatu hatukumwona tena. Nimefungua daftari langu: walioacha kuja ni wanne, na wote wanne waliwahi kupigiwa vigelegele.

Mwili una njia zake. Miezi ya mwanzo kilo huanguka kama mahindi yanayopukuchuliwa, kisha zinagoma, pengine wiki ya tatu tu, kwa sababu mwili uliopunguziwa chakula ghafla hubana matumizi. Baadaye zinaanza kushuka tena. Na wengi wetu, mwaka wa pili au wa tatu ukipita, hurudisha kilo kadhaa. Huo si uvivu, wala si ishara kwamba upasuaji umeshindwa. Tena humu hatukufanyiwa kitu kimoja. Kuna waliopunguzwa tumbo kama mimi, kuna waliofanyiwa baipasi, ambao chakula chao kinaruka sehemu ya utumbo, na kuna aliyewekewa puto tumboni ambalo litatolewa baada ya miezi kadhaa. Kuwapanga hawa kwenye mizani moja kuona nani zaidi ni kuwaonea.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nilisimulie bila jina lake, alinipigia simu jioni, mwezi wa pili baada ya upasuaji. Akasema, "Mama, tangu Jumapili natapika, hata uji haukai." Nikamjibu, "Vumilia mwanangu, sote tulitapika." Akavumilia. Aliona aibu kupiga mara ya pili, kwa sababu Jumamosi ile alikuwa ameshangiliwa kwa kupungua upesi kuliko wote. Dada yake alipompeleka hospitali zilikuwa zimepita karibu wiki mbili, nyayo zinamwaka moto na akisimama anapepesuka. Daktari akasema vitamini B1 imemwishia. Akiba ya vitamini hiyo mwilini ni ya wiki chache tu, na mtu anayetapika kila siku haiingizi nyingine. Alitundikiwa dripu, akapona kiasi. Anatembea, mnamwona, lakini mpaka leo nyayo zina ganzi.

Neno lile "vumilia" lilitoka kinywani mwangu. Nililisema kwa upendo, na lilimwumiza.

Ndiyo maana nawaomba, mwenzenu akisema anatapika na hata maji hayakai, msimwambie "hata mimi". Mwambieni "twende". Vivyo hivyo homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au yanayopanda begani, shavu la mguu kuvimba, pumzi kubana. Apigiwe simu daktari aliyempasua, au apelekwe hospitali usiku huohuo, na mmoja wenu aende naye na aseme mlangoni kwamba huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Na dawa za maumivu tuache kugawiana mikobani. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumletea vidonda vya tumbo mtu wa baipasi. Akina dada mnaotaka mtoto, zungumzeni na daktari mapema, kwani mimba huingia kirahisi uzito ukishuka, na huwa tunaambiwa tusubiri mwaka hadi mwaka na nusu.

Kutiana moyo ninakokutaka nilikuona Chamwino, msibani, mwezi uliopita. Mnajua huku kwetu mgeni akila matonge mawili akanawa, mwenye nyumba anasononeka. Mmoja wetu alikuwa na wiki ya saba tu. Walimjazia sahani ugali wa uwele, na akina mama wawili wamesimama mbele yake wanasubiri aanze. Yule binti wetu wa Nzuguni akasogeza mkeka, akakaa naye bega kwa bega, wakala sahani moja. Mwenzake akaanza na maharage, kama tunavyofundishwa, ugali akaugusa mwishoni, anatafuna taratibu. Binti akamaliza kilichobaki. Alipoona jagi la maji linakuja akalipokea yeye, akaliweka nyuma yake, mpaka nusu saa ilipopita, maana sisi hatunywi maji pamoja na chakula. Hakuna aliyejua kilichofanyika pale isipokuwa wao wawili na mimi niliyekuwa naangalia. Nilitamani kumbusu mtoto yule.

Kazi za namna hiyo ziko nyingi. Kuna anayekwenda kliniki Dar; tangu 2024 tuna treni ya umeme, na safari ya peke yako ni ndefu hata ikiwa ya saa chache. Msindikizeni. Kuna anayesahau vitamini zake, nazo ni za maisha yote. Mpigieni kila jioni mpaka azoee. Kuna aliyetoka kupasuliwa juzi katika joto hili la Dodoma, hawezi kugugumia maji. Mkae naye kivulini anywe kwa kifuniko cha chupa, funda moja, apumzike, funda jingine. Mimi siku zangu za kwanza nilikunywa hivyohivyo, kifuniko kwa kifuniko, nikihesabu peke yangu.

Na wanaosubiri kupasuliwa, msiwavute wala msiwatishe. Waambieni yaliyowapata, yote, kisha waacheni waamue na madaktari wao.

Wale wanne, nimewagawa. Wawili wawili mtakwenda kwa kila mmoja wiki hii, kwa miguu yenu, si kwa ujumbe wa simu. Msiulize kilo. Waambieni Jumamosi nitapika uji laini wa uwele na kuna maziwa ya mgando, na vigoda vyao vipo.

Mizani iko chumbani kwangu, nyuma ya mlango. Anayetaka kupima aje siku yoyote, tutafunga mlango, tutaangalia namba sisi wawili, kisha tutakaa tuzungumze.

Mama yenu, mwalimu mstaafu,
Ipagala, Dodoma